Kamba ya Kisima cha Masese

Kamba ilikuwa kiunoni tayari, lakini Sebit hakushuka kisimani. Alikuwa akimtazama mtu aliyekabidhiwa ncha ya pili.

Nambozo, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesimamia kazi, ndiye aliyempanga Waiswa hapo. Mvuvi, mikono imekomazwa na nyavu, nani zaidi yake? Maskini binti wa watu, alitoka Mbale, angejulia wapi? Masese nzima ilijua kwamba askari walimchukua mwana wa Waiswa na hakurudi. Ilijua pia kwamba kaka yake Sebit alikuwa katika jeshi lile lile. Sebit mwenyewe hakuvaa magwanda hata siku moja. Maisha yake yote yalikuwa matofali na visima. Lakini nani alimuuliza? Tangu serikali ya wanajeshi ianguke, mwaka mzima, alizunguka kwa nyuma asipite mlangoni kwa Waiswa.

Na wale vijana wa chuo, wenzake Nambozo, jamani, nawavulia kofia. Kipindupindu kilipoingia Masese waliacha likizo yao, wakachimba wiki tatu mpaka viganja vikachubuka. Sasa shimo lilikuwa refu, mchanga unameguka, na bila kuta za matofali lingejifukia lote. Fundi wa kuzijenga alikuwa mmoja tu.

Mama mmoja alimnong'oneza Nambozo habari ile. Binti akaona haya, akageuka amtafute mtu mwingine wa kushika.

"Mwache ashike," Sebit alisema. "Nimechoka kumzunguka."

Akashuka, roho mkononi.

Alijenga mistari minne ya matofali. Kwenye wa tano upande mmoja ukaporomoka, mchanga ukamfika mapajani na bado unamwagika. Nambozo alipiga yowe, wenzake wakakimbilia kamba. Waiswa alikuwa ameshaanza kuvuta. Alivuta meno yameumana, wanafunzi wakajipanga nyuma yake, mpaka kichwa cha Sebit kikatokea.

Sebit alilala ubavu, akatema mchanga. Nambozo, machozi yakimtoka waziwazi, alimsihi asirudi tena, watatafuta njia nyingine.

"Nimekanyaga maji," Sebit alisema. Hakumwambia yeye, alimwambia Waiswa. "Nikirudi chini, utashika?"

Waiswa alitemea mate viganjani, akaizungusha kamba mkononi upya.