Utepe wa Saba

"Sindano! Sindano! Wanafunzi wote wa sekondari! Sindano kubwa, Homa Bay, Jumamosi ijayo!"

Sauti ilitangulia. Gari lenyewe lilikuwa bado limefichwa na miwa, na kipaza sauti chake kilikoroma kama fahali mwenye mafua. Watoto wa shule ya msingi iliyopakana na yetu hawakungoja kuona. Walikumbuka chanjo ya muhula uliopita, wakaruka ua kwa makundi. Mmoja alipanda mpera, akakataa kushuka hata alipobembelezwa na mwalimu mkuu wake.

Gari lilipojitokeza barabarani, tukasoma kitambaa kilichofungwa ubavuni: SHINDANO LA KUSOMA NA KUFAHAMU. Tukaangua kicheko, mji mzima wa Awendo ukasikia. Sisi Wajaluo ndivyo tulivyo. "Sh" ikitufika mdomoni, "h" yake hushuka njiani. Shamba huwa samba, shati huwa sati, na shindano likatufukuzia watoto mpaka kwenye miwa.

Mimi sikujihesabu katika kundi hilo. Nilikuwa mshairi. Nilijifundisha kutunga bila mwalimu, nikihesabu mizani kwa vidole huku nikichunga ng'ombe wa baba, na kufikia Kidato cha Tatu, mwaka huo wa tisini na tano, hakukuwa na somo nisilolifunga kwa vina. Figo lilikuwa na ubeti wake. Mto Nile ulikuwa na beti tatu. Wenzangu walikariri daftari wakitoka jasho. Mimi niliimba tu, nikapita. Na katika maandishi yangu kila "sh" ilikaa mahali pake. Kuitamka ni habari nyingine, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Siku hiyohiyo Nyasuguta alikuja shuleni. Alikuwa mwenzetu Kidato cha Kwanza, akaacha shule ili kumwuguza mama yake, na kwa miaka miwili akauza vitambaa katika duka la Abdirashid, mkabala na stendi. Sasa mama amepona na binti anataka kurudi. Nilimjua vizuri. Nilikuwa nikienda dukani kununua vifungo kila wiki, ingawa shati langu halikupungukiwa na kifungo hata kimoja.

Mwalimu Motari, mkuu wetu, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, nami nikijifanya nafagia karibu.

"Unataka Kidato cha Tatu, na wenzako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Miaka miwili hujashika kitabu. Kichwa ni kama panga, binti yangu. Kisiponolewa hushika kutu. Rudi Kidato cha Kwanza."

"Mwalimu, nina miaka kumi na minane. Nikikaa na watoto wa Kidato cha Kwanza nitamaliza nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mjomba anayenilipia karo amesema hatangoja. Ni Kidato cha Tatu au ni dukani moja kwa moja."

"Usinitazame hivyo kwa kuwa mimi ni Mkisii mwenzako. Mkisii ndiye nitakayemkazia zaidi." Motari akakuna kidevu, gari likikoroma kwa mbali. "Haya. Shindano hilo ni la watu wawili wawili. Nitakuandikisha. Ukisimama mbele ya watu ukaonyesha kwamba kichwa bado kinashika, Kidato cha Tatu. Ukishindwa, cha Kwanza. Sasa mwenzako..."

"Mimi!" nikasema, kabla hajamaliza.

"Sikushangai, Caleb," akasema.

Tulifanya mazoezi nyuma ya duka, juu ya marobota ya khanga. Nilileta kitabu cha jiografia na ukurasa mgumu kuliko yote: kwa nini mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Nikausoma mara moja, nikafumba macho, nikahesabu vidole, nikatoa:

*Nchi kavu ikiwaka, joto hupanda hewani,*
*Na pengo likifunguka, huja hewa ya ziwani.*

Nikangoja makofi.

"Tamu," Nyasuguta akasema. "Kwa nini pengo?"

"Kwa sababu mizani zinatakiwa ziwe nane."

"Siulizi mizani. Nauliza pengo limetoka wapi."

"Nyasuguta, wewe shika ubeti! Mtihani hauulizi pengo limetoka wapi!"

Mama Ayesha, mke wa Abdirashid, aliyekuwa akipima kitambaa, alicheka mpaka futi ikamponyoka. Yeye ndiye aliyemharibu Nyasuguta. Miaka ile miwili, Nyasuguta hakuwa na vitabu, ila alikuwa na magazeti makuukuu ya kufungia bidhaa. Wateja wakipungua, alisoma habari moja, akaifudikiza, akamsimulia Mama Ayesha bila kuchungulia. Na Mama Ayesha hakumeza kitu bila kutafuna. Bei ya sukari imepanda. Kwa nini? Viazi vimeoza Molo. Kwa nini visiletwe huku? Nyasuguta asipojua jibu, hufunua gazeti na kusoma tena.

Sasa akageuza kitabu changu kifudifudi, akamgeukia.

"Mama Ayesha, mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji..."

"Kwa nini?"

"Ziwa ni kama sufuria kubwa ya chai. Huchelewa kuchemka. Basi hewa ya nchi kavu ikipata joto inakuwa nyepesi, inapanda, na pale chini panabaki..." Akanitazama, akapiga kofi. "Pengo! Ndilo pengo lako hilo! Hewa ya ziwani inakimbilia kujaza!"

Omera, ndugu yangu, nilikuwa nimetunga ubeti wenye maana na mimi mwenyewe sikuwa na habari. Sikumwambia. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akimngojea afike.

"Ubeti wako nautaka," akaniambia. "Unang'ang'ania kichwani kama chawa. Lakini nikiubeba bila kuuliza, nabeba gunia lililofungwa. Sijui kama ndani ni mahindi au ni mawe."

"Mimi sifungi mawe."

"Sawa, Bwana Mahindi."

Jumamosi ukumbi wa Homa Bay ulijaa hadi madirishani. Sharti lilikuwa hili: kila jozi inapewa karatasi moja, bila kalamu, kwa robo saa. Kisha karatasi inachukuliwa, na mwamuzi anachagua nani ajibu. Mwenzake akifungua mdomo, wote wawili wanatolewa.

Mwamuzi aliitwa Mwalimu Mohammad, mtu wa Mombasa aliyekuja kufundisha huku, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Vijana wa upande wa Kosele walikuwa wamejibu mbele yetu wakapata alama nyingi, na walikaa mstari wa kwanza wakiwa wamekunja nne.

Karatasi yetu ilihusu radi. Ilikuwa imejaa maneno, herufi ndogo kama mbegu za wimbi. Tukagawana: yeye nusu ya juu, mimi ya chini, kisha kila mmoja amsimulie mwenzake. Alinisimulia yake harakaharaka, na nikaielewa. Yangu nikaifunga kwa vina, nikamnong'oneza sikioni:

*Radi yashuka kwa kasi, njia fupi yatafuta,*
*Utepe wa shaba, basi, hadi chini huivuta.*

Akafungua kinywa kuuliza jambo. Kengele ikalia, karatasi ikachukuliwa.

"Binti," Mwalimu Mohammad akasema, "njoo wewe."

Alianza vizuri. Alieleza jinsi chembe za barafu zinavyosuguana mawinguni, kwa nini mti hupasuka ukipigwa, kwa nini tusijikinge chini yake. Kwa kila "kwa nini" alikuwa na jibu, na Motari, kando ya ukuta, alianza kupanda na kushuka juu ya visigino vyake.

"Vyema sana. Sasa, nyumba iliyowekewa kinga ya radi. Hiyo radi inafikaje ardhini bila kuichoma nyumba?"

"Inapitia utepe wa saba," Nyasuguta akasema.

Mwalimu Mohammad akavua miwani. "Wa saba?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na tepe sita za kwanza zina kazi gani?"

"Ziko likizo!" akapaza mmoja wa wale wa Kosele, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Yawa, jamani! Nilitaka kusimama niwaambie kwamba nimesema shaba, nimeitunga kama shaba, mizani zake zipo na kina chake kipo! Ubeti ulikuwa sahihi. Ulimi ndio uliomwaga. Lakini nikifungua mdomo tunatolewa, na yeye ni Kidato cha Kwanza. Nikaingiza tai mdomoni, nikaiuma. Motari alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

Nyasuguta alingoja kicheko kipungue. Sikuona aibu usoni pake. Niliona uso uleule wa juu ya marobota.

"Mwalimu, naomba nijiulize swali."

"Jiulize."

"Kwa nini wa saba?" Akajigeuza nusu, kana kwamba Mama Ayesha alikuwa pembeni na futi yake. "Radi ni umeme. Umeme haupangi foleni, haujui kuhesabu moja, mbili, mpaka saba. Unatafuta njia nyepesi ya kufika chini. Mti unapasuka kwa sababu ni njia mbaya. Hivyo nimesoma kwa macho yangu. Kwa hiyo utepe huu, hata ukiwa mmoja tu, lazima uwe wa kitu ambacho umeme unapita bila kugombana nacho. Si mbao. Si kamba. Ni madini." Nikaona kona ya mdomo wake ikianza kucheza. "Na hii nusu ya chini sikuisoma mimi, Mwalimu. Nilinong'onezwa. Na aliyeninong'oneza ni Mjaluo."

Akaninyooshea kidole.

"Ni utepe wa SHHHaba!"

Watu wakaruka kutoka kwenye viti. Ukumbi wote ni Wajaluo, na hakuna anayefurahia ulimi wetu kutushinda kama sisi wenyewe. Mama mmoja dirishani alipiga vigelegele, "Saba! Saba! Mpeni mia moja!" Hata wale wa Kosele walipigana mabega. Nilitema tai nikacheka mpaka machozi, nikiwa nimekasirika bado. Sijui kama mtu mwingine amewahi kuwa na vyote viwili kwa pamoja.

Mwalimu Mohammad alifuta miwani yake kwa muda mrefu. "Waliokariri wakikosea, hukaa na kosa lao," akasema. "Huyu amelikataa kosa lililo kinywani mwake." Akaandika alama.

Kosele walitupita kwa alama moja. Hadi leo nasema ile alama ilikuwa yetu, na nitamwambia yeyote, popote. Lakini siku ile hatukuwa na nafasi ya kununa, maana Motari alikuwa akitusubiri nje kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Nilitaka kujua kama kichwa kinashika," akamwambia Nyasuguta. "Kumbe kinashika, na kinajua cha kutema. Jumatatu, saa moja asubuhi. Kidato cha Tatu."

Nyasuguta alichuchumaa palepale kwenye ngazi, akaziba uso kwa mikono, mabega yakitikisika, na sikujua kama ni kicheko au ni kilio mpaka alipoinuka. Vilikuwa vyote viwili.

"Bado," Motari akasema, "kuna Kidato cha Pili kizima ambacho hukukisoma. Historia, biolojia, jiografia. Nani atakaa nawe likizo nzima?"

Wote wawili wakanitazama.

"Mimi naweza," nikasema.

"Huyu?" Nyasuguta akajipangusa macho. "Nikimwuliza kwa nini mara mbili anawaka kama karabai."

"Siwaki."

"Unawaka. Sasa hivi unawaka."

"Basi aahidi," Motari akasema. "Kwa sauti, Caleb. Mdomo uliofungwa kwa tai umeshapumzika vya kutosha."

Watu walikuwa wakimiminika kutoka ukumbini, nao wale wa Kosele wakasimama kusikiliza. Nikakaza shati langu, nikavuta pumzi, nikasema kwa nguvu zangu zote:

"Nyasuguta, nakuahidi mbele ya Mwalimu, mbele ya Kosele, na mbele ya Homa Bay nzima: kila ubeti nitakaokutungia, uliza kwa nini mpaka uchoke. Nitakujibu bila kukunja uso. Na jibu nisilolijua, nitakuambia kwa kinywa hikihiki: sijui."