Mtungi Uliokwenda Muleba

Anatolia alijua mtungi wa zimamoto haumo kabla hajakanyaga boti. Alitazama tu ile pembe ya karibu na usukani, akaona mkanda wa kuufungia unaning'inia wazi, akauma meno. Mtungi ulikuwa Muleba. Au ulikuwa njiani kutoka Muleba. Au, kama alivyomfahamu shemeji yake Privatus, ulikuwa umelala nyuma ya gari lake la Noah chini ya mikungu ya ndizi za watu, mahali popote kati ya Bukoba na mwisho wa dunia.

Privatus, mdogo wa mume wake, alikuwa akibeba abiria kwenda Muleba na kurudi. Njiani kuna trafiki, na trafiki huuliza mtungi wa zimamoto. Wa kwake ulikuwa umekwisha muda zamani, na kununua mwingine aliona ni kujitesa ilhali ukoo upo. Basi alikuja nyumbani kwao Bilele asubuhi moja, akasimama mlangoni kofia mkononi, akasema kwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni, "Shemeji, niazime ule wa boti. Leo tu. Boti si imelala?"

Leo ile ikazaa kesho, kesho ikazaa wiki. Alipodaiwa aliurudisha, akauchukua tena. Alikuwa ameupenda kabisa. "Wako ni mkubwa, shemeji," alimwambia siku moja kwa furaha ya kweli. "Trafiki akiuona tu, ananipungia mkono nipite." Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, walikuwa na shemeji wa aina hii.

Mume wake, Mwesiga, kila akilalamikiwa alijibu lile lile. "Mke wangu, ni mdogo wangu. Nimwambie nini?"

"Mwambie hapana."

"Kwa mtungi tu?"

Kwa mtungi tu! Nyumba ya Bilele ilikuwa kwa jina la Mwesiga. Kibanja cha Kashozi, na migomba yake na kahawa yake, kilikuwa cha ukoo wa Mwesiga, na siku Mwesiga akifumba macho kitabaki cha ukoo wa Mwesiga. Boti peke yake ndiyo ilikuwa kwa jina la Anatolia. Aliinunua Mwanza ikiwa imetumika, boti ya fibre yenye injini ya petroli iliyofunikwa kwa boksi katikati, akaipaka rangi nyeupe mwenyewe, akaanza kuwapeleka watu kutembea ziwani: maharusi wapya, wageni, na watoto wa Kihaya wanaorudi nyumbani Krismasi wakiwa na kamera nyingi kuliko nguo. Ilikuwa kitu pekee duniani alichoweza kukigusa na kusema hiki changu. Na usalama wa kitu hicho ulikuwa unazunguka barabara ya Muleba ukipungiwa mikono na trafiki.

Siku hiyo haikuwa ya biashara. Ma Ephrasia, mama mkwe wake, alikuwa ametimiza miaka themanini, na wanawe walikuwa wameamua baada ya misa wampeleke kisiwani Musira akale samaki huko. Tangu usichana wake Kashozi alikuwa akikiona kisiwa kile kwa mbali, hajawahi kukikanyaga. Tangu jana Anatolia alikuwa akimpigia simu Privatus.

"Niko Kemondo, shemeji," alisema Privatus asubuhi. Saa nzima baadaye alikuwa bado Kemondo. Kemondo ya simu haina mwisho.

Wakati Anatolia anahangaika na simu, wengine walikuwa wameshapanda. Dereva wa boti, Mushumbusi, alikuwa amemaliza kujaza petroli. Joyness, wifi wa Anatolia, alikuwa amekalia jaketi okozi badala ya kulivaa, asije akakunja gauni la sikukuu. Na Ma Ephrasia alikuwa amekaa juu ya boksi la injini, mahali papana kuliko pote, ametandikiwa kitenge, mikono mapajani, anatabasamu.

Anatolia aliona hayo yote kwa mpigo. Petroli imetoka kujazwa. Injini lazima ifunguliwe ipate hewa kwanza, mvuke wa mafuta utoke, ndipo iwashwe. Alikuwa amemfundisha Mushumbusi hilo mpaka sauti ikamkauka.

"Umefungua injini?" alimuuliza.

Mushumbusi alimwonyesha Ma Ephrasia kwa macho, akainua mabega. Ningefunguaje?

"Na mtungi?"

"Mama, mimi nimepeleka petroli kisiwani Goziba mapipa kwa mapipa, sigara mdomoni. Mtungi nimeuona mara ya kwanza kwako."

"Waliolipukiwa na mapipa, Mushumbusi, utawasikia wapi wakijisifu?"

Alimsogelea mama mkwe. Mke aliyeolewa kwenye ukoo hamwambii mama mkwe wake inuka. Humletea kiti, humtandikia, hupiga magoti kumsalimia. Kumwinua alikokwisha kukaa ni habari nyingine. Anatolia alipiga magoti pale pale kwenye maji machafu ya boti.

"Mama, waitu, nisamehe. Naomba uinuke kidogo. Tunafungua injini."

Ma Ephrasia alimtazama mwanawe Mwesiga, na Mwesiga akatazama ziwa. Ndipo mama akainuka polepole, akishikwa mkono na Joyness, uso umefunga.

Anatolia alifungua kifuniko. Harufu ya petroli ikapanda mpaka machoni.

"Mnasikia?" aliuliza.

"Boti ya petroli ulitaka inukie nini, wifi?" alisema Joyness. "Marashi?"

Walicheka, na Mwesiga naye akacheka. Anatolia alipapasa mpira wa mafuta kwa vidole, akakuta maungio yana unyevu. Mushumbusi aliukaza kwa koleo, akaupangusa kwa tambara, akasema umepona. Wakaacha injini wazi mpaka harufu ikapungua. Ilipungua kweli. Lakini Anatolia alisema, "Sasa tumsubiri Privatus alete mtungi. Na huu mpira tuutazame tena."

Hapo ndipo Ma Ephrasia aliposema, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu. "Nimeambiwa niinuke, nimeinuka. Nikiambiwa na kusubiri, nitarudi nyumbani kwangu Kashozi. Sikuomba kuletwa."

"Anatolia," alisema Mwesiga. Kwa jina lake tu, kama anavyoitwa mtoto aliyevunja sahani. Akaonyesha Musira kwa kidevu. "Si pale? Tunakwenda pale. Hata chai haitapoa."

Anatolia alikuwa na la kusema. Boti ilikuwa yake, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, angeweza kuutupa ziwani na mambo yakaishia hapo. Akawatazama, mmoja mmoja, akaona anavyotazamwa: mwanamke mwenye mdomo, anayemharibia mama wa watu siku yake kwa sababu ya chupa nyekundu. Akachoka. Alichokipata kwao ni jaketi tu. Alisema boti haiondoki mpaka kila mtu amevaa, akamfunga mama mkwe mikanda kwa mikono yake mwenyewe, akamsimamia Joyness mpaka gauni likakunjika. Kisha kifuniko kikafungwa, naye akatoa ufunguo. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko moto wenyewe.

Hawakufika hata katikati. Mushumbusi aliongeza mwendo, boti ikaanza kudunda juu ya mawimbi, na Anatolia, ambaye hakuwa akitazama kisiwa wala mji, aliona moshi mwembamba unatoka kwenye ukingo wa boksi, karibu na miguu ya Ma Ephrasia. Safari hii hakupiga magoti. Alimshika mama mkwe kwapani, akamvuta mpaka mbele.

"Zima! Funga mafuta! Kifuniko kisifunguliwe!"

Mushumbusi alizima. Lakini Mwesiga alikuwa mwanamume, na mwanamume akiambiwa kuna moto hutaka auone. Aliinua kifuniko. Moto uliokuwa ukitafuta hewa ukaipata yote kwa mara moja, ukamrukia mkononi, akakiachia na kupiga yowe. Mushumbusi, yule wa mapipa ya Goziba, alichota maji kwa ndoo akamwagia, na petroli ikaelea juu ya maji na kutembea nayo sakafuni, inawaka.

Anatolia aligeuka kwenye pembe ya usukani na kunyoosha mkono. Mkono ulijiendea wenyewe, kama alivyofundishwa: shika, vuta pini, elekeza chini. Ukashika mkanda mtupu.

Na hapo, juu ya maji, alisikia honi. Noah ya Privatus ilikuwa imefika ufukweni. Shemeji yake alikuwa ameshuka mbio, ameingia ziwani na viatu vyake mpaka magotini, na alikuwa ameuinua mtungi juu ya kichwa kwa mikono miwili, anautikisa, anapiga kelele. Ulionekana vizuri kabisa. Jua lilikuwa linaupiga.

"Rukeni," alisema Anatolia.

"Mawe!" alilia Ma Ephrasia, akimwita mama yake kwa Kihaya. "Mimi sijui kuogelea!"

"Jaketi linajua, Mama." Akamkumbatia, wakaingia majini pamoja.

Wavuvi wenye mitumbwi waliwaokota wote watano. Mkono wa Mwesiga ulikuwa umeungua, na Joyness alipoteza viatu, lakini hakuna aliyekufa. Boti iliwaka na moshi mweusi mpaka ikafika usawa wa maji, kisha ikazama, na ile rangi nyeupe. Watu wa ufukweni waliipiga picha.

Jioni ile ile Privatus aliuleta mtungi Bilele. Aliuweka taratibu nyuma ya mlango, akaupangusa vumbi. "Nimeurudisha, shemeji," alisema. "Nilikuahidi."

Watu walikuja kutoa pole wiki nzima. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakasema mali hutafutwa, shukuru uhai, Mungu ni mwema. Kila mmoja kabla ya kuaga alitingisha kichwa na kusema, "Ajali haina kinga." Anatolia aliwavumilia wa kwanza, akawavumilia wa pili. Katekista aliposema vile vile, alishindwa.

"Ilikuwepo," alisema. "Kinga ilikuwa Muleba."

Hawakumwelewa. Mwesiga, mkono umefungwa bendeji, alieleza kwamba mke wake bado ana mshtuko. Anatolia aliingia chumbani akalia kwa hasira, uso kwenye mto, kwa sababu moyo ulikuwa unamuuma na hakuna aliyetaka kujua unaumwa nini. Waliililia boti kama iliyopigwa na radi.

Jumapili, baada ya misa, Noah ilisimama nje na abiria ndani. Privatus alipita uani, akamsalimia mama yake, Ma Ephrasia, aliyekuwa ameketi kivulini anamenya ndizi, kisha akamgeukia Anatolia. Alivua kofia.

"Shemeji," alisema, kwa ile sauti yake ya nyoka na pango. "Nilikuwa nafikiri. Kwa kuwa boti haipo tena. Ule mtungi si utakaa bure?"

Anatolia alimtazama. Alitafuta usoni mwake aibu, hata ya kuazima, hakuiona. Alimtazama mama mkwe wake. Ma Ephrasia alikuwa ameacha kumenya, kisu kimesimama hewani.

"Mpe," alisema Mwesiga kutoka ndani, kwa upole. "Ni mdogo wangu."

"Nampa," alisema Anatolia.

Akauchukua nyuma ya mlango. Akautoa uani, akasimama mbele ya shina la mgomba, akavuta pini, akaelekeza chini, akaminya. Unga mweupe ulitoka kwa kishindo, ukafunika majani, ukafunika maganda ya ndizi, kuku wakatawanyika. Aliminya akipeleka mkono kushoto na kulia, polepole, vile vile alivyofundishwa, bila kuacha hata kona. Ulikuwa mtungi mzuri. Ungetosha injini ile na kubaki. Aliendelea kuminya mpaka ukakohoa, ukapiga mluzi, ukanyamaza, na wakati huo machozi yalikuwa yanamtoka, unga umegandamana nayo mashavuni.

Ma Ephrasia aliweka kisu chini. "Safi," alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa akimwambia nani, hakuna aliyejua.

Anatolia alimkabidhi Privatus mtungi kwa mikono miwili, kwa heshima zote anazopewa shemeji.

Privatus aliupokea. Aliupima uzito, akautazama ulivyo mwepesi, na kwa muda mfupi Anatolia alidhani ameelewa. Kisha akaugeuza upande wa pili, akapangusa unga kwa kidole gumba, akainamia kusoma.

"Stika ya ukaguzi ya mwaka huu bado ipo," alisema, na uso ukamfunguka. "Ahsante sana, shemeji."

Akaupakia nyuma ya abiria, akaenda Muleba.