Kontena Halina Jumapili

Maji yalikuwa yakidondokea bati la dirisha, to, to, to, na Alfajiri bado. Zilikuwa nguo za jirani wa ghorofa ya juu, ambaye huzianika zikiwa bado zinachuruzika. Bi Chausiku aliyasikiliza amelala chali, miguu ameiegemeza juu ya begi ili uvimbe upungue. Haukupungua.

"Haya," aliiambia miguu yake, "twende tena."

Alikuwa mpishi wa wafunga mizigo katika kampuni ya Bwana Maulid, mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye ghala hapa Guangzhou, China, nyuma ya maduka makubwa ya nguo ya barabara ya Guangyuan Xilu. Vijana walifunga nguo marobota, wakayazungushia selotepu mpaka yakang'aa kama mayai, wakayapakia kwenye makontena ya kwenda nyumbani. Yeye aliwapikia. Mwaka wa pili sasa, hakuna aliyekuwa na siku ya kupumzika. Mtu akiuliza, Bwana Maulid hucheka kwenye simu na kusema, "Kontena halina Jumapili."

Ndipo Abubakary, mpima mizigo, alipokuja na habari ya chama. Mikataba yao ilisainiwa Dar, kwa hiyo aliwapigia watu wa chama cha wafanyakazi huko, wakamweleza vizuri. Tawi likipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi, mwajiri hana budi kukaa nalo mezani. Ila hakuna wa kulazimishwa kujiunga, na hakuna wa kukatwa ada mshahara wake bila kutia sahihi kwa hiari yake.

Bi Chausiku alisaini siku ya kwanza. Hakutaka makubwa. Alitaka siku moja tu katika juma ya kuswali Alfajiri, kisha arudi kulala.

Walifika nusu, wakakwama. Alikuwa anatakiwa mtu mmoja zaidi. Bwana Maulid alikuwa anafika baada ya siku chache; akishaondoka, hajulikani atarudi lini. Abubakary akafanya kama wanavyofanya watu wa kwao kwenye michango ya harusi: asiyechanga, hali pilau.

"Bibi, ambaye hajasaini usimpakulie," alisema. "Sisi tunapigania siku ya wote, wao wanakaa pembeni wanasubiri kuvuna? Watajua hawajui."

"Chakula, mwanangu?"

"Chakula ndiyo dawa yao. Wewe shika mwiko, mimi nishike maneno."

Elinami, mpakizi mwenye maneno mengi, akadakia, "Mwenyekiti, hata harusi ya dada yako hukula, ulichanga kwa mdomo!" Watu wakacheka, lakini amri ikabaki.

Siku mbili Bi Chausiku aliitii. Siku ya pili Sesilia alikuja na bakuli lake la plastiki. Alikuwa binti wa Kilosa, mkimya, mkono mwepesi kwenye selotepu. Siku Bi Chausiku alipoteleza kwenye ngazi, ni Sesilia aliyemwinua, akamvua kiatu kilicholowa na kumvalisha cha kwake. Sasa alisimama mbele ya sufuria na Bi Chausiku akatazama mvuke. Sesilia aliligeuza bakuli, akaenda kunywa maji.

Siku ya tatu, ndiyo leo, hakuja kazini.

"Ana homa," alisema Elinami. "Jana alipakia kontena kwenye mvua. Na tumbo tupu." Alisema hilo la mwisho akimtazama Abubakary, na Abubakary akajitia kuhesabu mizigo.

Mchana ulipopita, Bi Chausiku alivua aproni. Abubakary alimfuata mpaka mlangoni, akamkabidhi karatasi ya kujiunga na chama, imekunjwa.

"Unakwenda kwa Sesilia, najua. Mpelekee na hii. Wewe hawezi kukukatalia, bibi. Leo ndiyo leo."

"Mtu mgonjwa, Abubakary."

"Mgonjwa ana mkono. Na miguu yako hiyo, bibi, nani ataipumzisha?"

Aliitia karatasi kifuani, chini ya mtandio, akaenda zake.

Sokoni alinunua kuku nusu na tangawizi. Mama muuza mboga, kama kawaida yake, alitupia vitunguu vya majani kwenye mfuko bila kuombwa na bila kutaka malipo. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya bei. Bi Chausiku aliweka kiganja kifuani, naye mama akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Alipika supu chumbani kwake pamoja na uji wa mchele, akavifunga kwa kanga, akapanda ngazi za jengo la Sesilia huko mtaa wa Dengfeng, akipumzika kila kona.

Sesilia alifungua mlango amejifunga blanketi, midomo imekauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Rudi kitandani, usinisimamie kama askari."

Alimlisha. Kijiko cha kwanza Sesilia alikipokea kwa haya, cha pili kwa njaa. Bi Chausiku alingoja mpaka bakuli lilipofika nusu.

"Nilikugeuzia mwiko," alisema. "Nina wajukuu, na nikafanya hivyo. Unisamehe."

"Uliamrishwa, bibi."

"Mkono ulikuwa wangu."

Sesilia alikunywa supu kidogo. "Si kwamba siitaki hiyo siku. Tangu Pasaka sijaingia Misa. Lakini viza yangu inaisha mwezi ujao, na barua ya mwaliko anaandika laoban." Ndivyo walivyomwita bosi, kama Wachina. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu ameishika yeye. Wenzangu bado wana miezi."

"Ungesema."

"Ningesema wapi? Walinipita na masahani."

Chini barabarani mtu alikuwa akibishana bei ya simu kwa Kichina cha kuvunjavunja. Bi Chausiku aliinama kuokota kijiko, na ile karatasi ikachungulia kwenye mtandio. Sesilia akaiona.

"Umekuja nayo."

"Nimepewa nije nayo."

Yule binti aliitazama, akalitazama bakuli, kisha miguu ya bibi iliyovimba ndani ya ndala. Alinyoosha mkono. "Lete, bibi. Nitasaini. Umepanda ngazi zote hizi, umenipikia kuku. Nikukatalie na nini?"

Kalamu ilikuwa pale pale dirishani. Bi Chausiku aliiona siku yake ya kulala imekaa kwenye vidole vile. Sahihi moja tu. Wangevuka nusu, kesho kutwa Bwana Maulid angelazimika kukaa mezani. Alihisi uchovu ukimshuka tangu mabegani, uchovu wa mtu anayeona kiti na bado hajakikalia.

Akaisukuma karatasi ndani zaidi ya mtandio.

"Hapana."

"Bibi, nimekubali mwenyewe."

"Supu ndiyo iliyokubali. Imeandikwa ujiunge kwa hiari. Jana tulikunyima chakula usaini, leo nikulishe usaini, kuna tofauti gani? Ni mwiko ule ule." Alimfuta midomo kwa pindo la kanga. "Utapona. Viza utaifikiria na akili yako. Ukitaka, utanitafuta wewe. Usipotaka, sahani yako ipo. Abubakary nitamwambia mwenyewe."

"Atakasirika."

"Akasirike. Mimi ndiye mwenye sufuria."

Simu ikalia. Alikuwa Abubakary, sauti juu kama yuko uwanjani. "Vipi, bibi, amesaini?"

"Hajasaini."

"Bibi! Tumebaki nusu! Bosi atakuja na kuondoka!"

"Basi tumebaki nusu, mwanangu. Na kuanzia kesho nampakulia kila anayekuja na sahani. Hutaki, kapike wewe."

Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu. "Haya," Abubakary alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kama ya mtu mzima. "Mwambie namwombea afueni."

Bi Chausiku alimfikishia salamu. Akafunga vyombo kwenye kanga, akajiinua kwa kushika ukuta. Kesho kazini tena, na kesho kutwa. Alikuwa ameshika kitasa Sesilia alipomwita kutoka ndani ya blanketi.

"Bibi. Kesho upite tena. Hata mikono mitupu, wewe pita tu."