Juisi ya Nanasi ya Mama Mkwe

Kipimo kilionyesha pombe. Mume wangu, dereva wa basi la shule, alipuliza, akapuliza tena, kisha msimamizi wake akanipigia simu niende nikamchukue mtu wangu. Nilitoka darasani mbio, chaki bado mkononi, na njia nzima nikawa namchamba kimoyomoyo kwa maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua.

Yapata mwaka alikuwa ameacha pombe. Siku aliyoacha nilimwambia wazi: ukirudi kwenye chupa, mimi narudi kwetu. Na mimi sisemi mara mbili.

"Haki ya Mungu, sijakanyaga baa," akaniambia getini.

"Kwa hiyo kipimo kinakusingizia?"

"Labda kimeharibika."

"Umeharibika wewe!"

Tulipofika nyumbani nikaanza kukunja nguo zangu. Mama mkwe alikuwa jikoni, unga hadi kwenye nyusi. Huoka mikate ya kuuza, na pombe anaichukia kuliko nyoka, maana ndiyo iliyomzika mumewe. Aliposikia kelele alikuja ameshika kichwa.

"Mwanangu hanywi, mkwe wangu! Mimi mwenyewe namlinda. Kila asubuhi kabla hajatoka namkata kiu kwa juisi yangu."

Akanivuta hadi kabatini anionyeshe. Chupa za juisi ya nanasi, zimefungwa kabisa. Sikuwahi kuzigusa, zilikuwa za mwanawe, na mimi si mtu wa kudokoa. Akafungua moja. Kizibo kikaruka hadi darini.

"Mama, mbona inatoa povu?"

"Naitia hamira kidogo," akasema kwa fahari. "Si alizoea vinywaji vyenye mapovu? Hamira inatia pumzi tu, kama kwenye mkate. Naiacha siku kadhaa ikolee."

Mimi ni mwalimu wa kemia. Juzi tu nimeandika ubaoni kwamba hamira hula sukari ikatoa gesi na pombe. Mwanafunzi akauliza mbona basi mkate haulevyi, nikamjibu kuwa moto wa tanuri huifukuza pombe. Chupa hizi hazijaonja moto wowote, na kila asubuhi nilizipita nikienda kufundisha hayo hayo!

Nikamweleza. Kwanza alicheka, akidhani namtania. Kisha akanusa mdomo wa chupa, akaonja, akatema. Akateleza ukutani mpaka chini.

"Nimempikia mwanangu pombe," akasema. "Kwa mikono yangu hii."

Akajikokota hadi miguuni pa mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaishika. "Nisamehe, baba. Nisamehe."

Nilimwonea mume wangu huruma hadi machozi yakanilenga. Nimemtukana bure mbele za watu! Nikaapa nitakwenda mwenyewe kwa msimamizi na chupa mkononi, nimfundishe kemia mpaka amrudishie basi lake.

"Inuka, mama," mume wangu akasema.

Mama hakuinuka. Alizidi kulia.

"Inuka, nakuomba. Usinipigie magoti." Akarudi nyuma hatua moja. "Nilijua. Tangu glasi ya pili tu, nilijua."

Mama mkwe aliinua uso taratibu, unga na machozi vimeshikana mashavuni.

"Ulijua? Na mbona hukuniambia, mwanangu?"

Mume wangu hakumtazama yeye wala mimi. Alikuwa anaitazama chupa.

"Ungeacha kuitengeneza," akasema.