Springi za Mifuko Thelathini

Niseme kweli mapema: springi zile nilizitaka mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Pikapu yangu hubeba saruji kutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, mpaka Bwejuu, na kila nikipakia mifuko thelathini, nyuma ilikuwa inalala mpaka tairi zinasugua bodi. Nikampelekea Faizal, fundi wa Mtoni. Akaongeza vyuma viwili kwenye springi za kila upande, akafunga na shokapu mpya. Nilipopakia tena, gari ilisimama sawasawa na kupita mashimoni bila kunikumbusha kuwa yapo. Njia nzima nilikuwa namsifu Faizal peke yangu.

Mwezi uliofuata mama yangu, Bi Mashavu, akateleza akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akatiwa chuma, akarudishwa nyumbani, na daktari akataka kumwona kila baada ya wiki mbili. Alitueleza wazi: asipokwenda kupimwa na kufundishwa kusimama, mguu utakaza na hatotembea tena. Teksi hakuiweza, kiti chake kiko chini mno kwa mtu asiyeweza kukunja nyonga. Cha pikapu kiko juu, basi ikawa pikapu.

Mimi jambo nikilifanya nalifanya hasa. Siku ya safari ya mwanzo niliteremsha kila kilichokuwa nyuma: kamba, sepetu, tairi la akiba, hata jeki. Nikaiosha gari ikang'aa. Gari ya mgonjwa haifai kuwa na mzigo, ndivyo nilivyoona. Nilipotoka asubuhi na ufunguo mkononi, nikakuta watu wameshapanda: Bi Radhiya, jirani yetu na rafiki wa mama tangu usichana, na wenziwe tisa, na mikeka na chupa za chai. Wamekuja kumsindikiza mama hospitali, kama ilivyo desturi. Damu ikanichemka.

"Teremkeni! Nnampeleka mgonjwa, siendi maulidini!"

Wakateremka kimya kimya, Bi Radhiya wa mwisho, mkeka kwapani. Mama alikuwa ndani anavishwa, hakuona kitu. Dada yangu Mwatum aliona, nami nikamkanya asimsumbue mama kwa habari hizo.

Tukaenda watatu, sote mbele. Tuta la kwanza la barabarani, pale msitu wa Jozani, nililipanda taratibu kabisa. Gari ikaruka, ikatua, ikaruka tena. Mama akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake. Nikapunguza mwendo mpaka wapanda baiskeli wakatupita, lakini wapi. Kila ufa wa lami ulimfika nyongani. Tukarudi hivyo hivyo, mama ameuma ncha ya mtandio asilie mbele yangu.

Sikuelewa. Gari ile ile, njia ile ile, dereva yule yule. Juzi yake nilipita hapo hapo na mifuko thelathini, kikombe cha kahawa mkononi, na tone halikumwagika.

Kesho yake nikapakia saruji Malindi, maana kutoka mjini na gari tupu ni kuchoma mafuta bure, nikapita nayo Mtoni. Faizal akashika usukani mwenyewe, tukaenda mpaka Bububu tukarudi. Pikapu inatambaa kwa adabu.

"Mbona haina kitu?" akasema.

"Ina kitu! Mamangu jana kalia njia nzima!"

Akaingia chini na tochi. Akakuta bushi moja, mpira wa kwenye springi, imelika kidogo, akazibadilisha zote, akajifuta mikono. "Ndo hii ilokuwa ikikusumbua." Nikarudi Bwejuu na mzigo wangu, gari laini, nikampa mama bishara njema.

Safari ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Nikarudi Mtoni, saruji nyuma, na maneno niliyomwambia Faizal siyaandiki. Alilala chini ya gari saa nzima akigonga boliti moja moja. "Wallahi Kheir, gari hii nzima kuliko yangu." Akapunguza upepo kwenye tairi. Akabadilisha shokapu ambayo yeye mwenyewe alisema haina kosa, ili tu ninyamaze. Tukaijaribu, laini tena. Hapo nikaanza kujitilia shaka. Labda mkono wangu unakuwa mzito nikiwa na mama. Labda kuna jicho la mtu. Nikafika pabaya zaidi: nikamuuliza Mwatum kama mama anajidekeza. Mwatum aliniangalia tu, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Siku mbili kabla ya safari ya tatu, mama akasema haendi.

"Mama, daktari kasema..."

"Nshasikia alosema. Siendi. Kwani nkisimama, ntakwenda kwa nani?"

Nikadhani ni maumivu yanayosema. Kweli, majirani walikuwa hawaji tena nyumbani tangu siku ile, lakini mimi niliona afadhali, apate kupumzika. Nikatoka nje nikampigia Faizal simu. "Njoo mwenyewe Bwejuu siku ya kliniki, uione kwa macho yako. Mamangu hatotembea tena kwa ajili ya springi zako." Nilikuwa nalia, na sikujali kama anasikia.

Faizal akaja na vespa yake, jua ndiyo kwanza linatoka. Mama tulikuwa tumembembeleza kwa ahadi: akilia mara moja tu, tunageuza. Alikuwa keshakaa mbele, Mwatum pembeni yake, kioo kimefungwa. Faizal akaizunguka gari. Hakuinama kutazama chini. Alitazama nyuma, palipokuwa patupu na safi.

"Watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wanaomsindikiza."

"Hawaendi. Nliwateremsha tangu siku ya mwanzo."

"Na jeki? Na tairi la akiba?"

"Nshateremsha vyote. Gari ya mgonjwa hii."

"Na kwangu ukija, unakuja na saruji?"

"Sasa nije tupu, mie mwehu?"

Akaketi juu ya bampa akajishika kichwa. Nikadhani amepatwa na kizunguzungu, kumbe anacheka. Kisha akaacha kucheka, akasema kwa sauti ya chini, "Springi hizi nlizifunga kwa mifuko thelathini. Bila ya uzito haziinami, zinakutupa juu tu. Unamtoa bibi wa watu na gari tupu, halafu unanletea mie ikiwa na mzigo!"

"Mbona hukunambia?"

"Ulinambia gari ya mgonjwa. Mgonjwa gani wa Unguja hii anakwenda hospitali hana watu? Mie nkahesabu watu kumi nyuma na vikapu vyao. Kumi wanatosha. Sikukuuliza, kwani hilo nalo linaulizwa?"

Kuzitoa springi ni kazi ya nusu siku, na kliniki ni saa tatu. Nikasema tujaze magunia mchanga, Bwejuu mchanga si wa kununua.

"Magunia thelathini unayo?"

Sikuwa nayo.

"Basi nenda kabishe hodi. Watu wanapanda wenyewe."

Nilikwenda. Hatua zile hamsini mpaka kwa jirani ni ndefu kuliko njia ya mjini. Bi Radhiya akafungua mlango, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba.

"Nimekosa, Bi Radhiya. Gari haiendi bila ya watu."

"Gari ndo inotutaka?"

"Na mimi."

"Na mamako?"

Hakungoja jibu. Akaingia ndani. Nilidhani ndiyo basi, nikageuka niende zangu, nikasikia anawaita wenzake kwa majina.

Walipanda kumi, mmoja mmoja, na gari ikashuka kidogo kidogo. Mama alizisikia sauti. Akakaza macho mbele, midomo ameifumba. Nikaondoa gari.

Tuta la kwanza la Jozani nililipanda huku nasoma dua zote nilizozijua. Gari ikapanda, ikashuka, ikatulia. La pili hivyo hivyo. Nikamtazama mama, nikaona machozi.

"Imeuma?"

"Haikuuma." Akajifuta kwa mtandio. "Huyo ni Radhiya?"

"Ndiye."

"Leo ndo kankumbuka."

Ningeweza kunyamaza. Nguvu za kunyamaza nilikuwa nazo, na Mwatum alikuwa anatazama msituni.

"Hakukusahau, mama. Walikuja wote siku ya mwanzo, wakapanda. Mie ndo nliwateremsha."

Nyuma ya vichwa vyetu kuna kidirisha cha kioo cha kusukuma. Mama alikigonga kwa pete yake, Mwatum akakifungua, na mkono wa Bi Radhiya ukaingia na kipande cha mkate wa kumimina. Mkate ukaanguka juu ya kiti. Mama aliushika mkono.

"Nlidhani mshanizika," alisema.

Hakuuachia mpaka tunaingia mjini, na uso wake hakuugeuza upande wangu.