Tyubu za Buluu

Mwaka wa pili tangu bendera mpya ipandishwe, Hannah aliajiriwa na watafiti wa macho waliopiga kambi Msambweni. Alikuwa dresa, msaidizi wa zahanati, wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa nyika ya Kinango, na alitakiwa hasa kwa kuwa alikijua Kiduruma na akina mama wa kule walimwamini. Kila Jumatatu gari la kambi lilimpeleka kijijini kwao, akalala kwa dada yake Mwinga hadi Ijumaa.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni nyumbani kwao. Watu waliuita vikope. Bibi yao aliupata utotoni, na miaka ilivyokwenda kope zake zilijikunja kwa ndani, zikawa zinamkwaruza jicho kila anapopepesa. Alizing'oa mwenyewe kwa koleo dogo la chuma. Sasa jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama tui, na la kulia lilimwonyesha mwanga wa mlango tu.

"Mimi nimekwisha pita," alisema Bibi kutoka kigodani pake, nyumbani kwa Mwinga. "Mtazameni huyu."

Huyu alikuwa Kahaso, binti wa Mwinga, mwenye miaka sita. Asubuhi macho yake yaliganda matongo, hayafumbuki mpaka yaoshwe, na maji ya kuoshea yalitekwa lamboni, mwendo wa saa mbili.

Hannah alimgeuza ukope, akaukwangua taratibu, akapaka alichokipata juu ya kipande cha kioo. Kule Msambweni, Bwana Sefu, mpimaji wa kambi, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alikitia rangi kile kioo, akakitazama kwenye hadubini, kisha akamwita.

"Njoo uone. Hiyo ni chembe ya ukope, na kiini chake hicho. Unaiona kofia ya nukta nukta iliyokikalia?"

"Naiona, Bwana Sefu."

"Ndiye huyo. Wadudu wengine tunawafuga kwenye sahani, wakala, wakazaana. Huyu hataki. Huingia ndani ya chembe iliyo hai, akala humo, akazaana humo mpaka ikapasuka, kisha wanawe wakaingia ya jirani. Ukitaka kumwotesha, umtie katika yai la kuku lenye kifaranga, na hata humo mara nyingi hufa."

"Na dawa?"

"Wanasema tetrasaiklini humuua. Hilo ndilo tulilokuja kulihakikisha."

Watoto wa kijiji walipewa nambari, nusu yao wakapangiwa tyubu za mkanda mwekundu, nusu za mkanda wa buluu. Rangi moja ilikuwa na dawa. Nyingine ilikuwa mafuta matupu. Ipi ni ipi, jibu lilifungiwa ndani ya bahasha. Hannah alipaka asubuhi na jioni kwa wiki sita, na kabla ya wiki ya nne kwisha alikuwa amejua bila bahasha. Watoto wa nyekundu waliamka macho wazi. Wa buluu waliamka vile vile walivyolala. Kahaso, nambari arubaini na moja, alikuwa wa buluu.

Alimwendea Daktari Hallam, Mwingereza mkuu wa kambi.

"Daktari, mpe dawa yule mtoto. Ni wa dada yangu."

"Nikimpa yeye, kazi yote imeharibika. Mwaka ukitimia tutafungua bahasha, na kila mtoto atapata." Kisha akaongeza kwa upole, "Vikope havipofushi kwa mwaka mmoja, Hannah. Ni kazi ya miaka thelathini."

Alikuwa anasema kweli. Miaka thelathini Hannah aliijua. Ilikuwa imekaa juu ya kigoda nyumbani kwa dada yake.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya kupanda gari, alificha tyubu mbili nyekundu katika mkoba wake. Wiki sita nyingine alimpaka Kahaso, na Mwinga alipoona mkanda akauliza, "Hii si ya wale wengine?"

"Nyamaza, dada."

Macho yakatakata. Mtoto akaanza kutazama jua likichomoza na kuhesabu mbuzi wa jirani kutoka mlangoni. Ilipofika zamu ya kuchukua vioo tena, Bwana Sefu alikigeuza kile cha arubaini na moja mara tatu, akaandika: safi.

"Wa buluu wote wanaumwa, amepona mmoja," alisema bila kuinua macho. "Mimi naandika ninachokiona, mwanangu. Lakini nikwambie: mdudu huyu hakai katika jicho moja. Ukimfukuza kwa huyu, anamngojea kwa ndugu yake."

Mvua za vuli hazikunyesha mwaka ule. Lambo likabaki tope. Watoto watano wa nyumba ile walilala mkeka mmoja, wakafutwa nyuso kwa pindo la kanga moja, na nzi wakatoka jicho hili wakatua lile. Mwezi wa tatu Kahaso aliamka na matongo. Hannah alimkemea dada yake kwa sababu ya kanga.

"Ya kunywa hayatoshi," alijibu Mwinga. "Ya kufulia niyatoe wapi?"

Hannah alitia mkono mkobani mwake, ilhali alijua hamna kitu. Hata miongoni mwa watoto wa nyekundu wengi walikuwa wamerudia.

Mwaka ulitimia, bahasha ikafunguliwa. Dawa ilikuwa kwenye nyekundu. Lakini waliolipia utafiti ng'ambo walikuwa wameleta dawa ya kujaribia tu, na ilikuwa imekwisha. Daktari Hallam aliandika barua kuomba nyingine, akaandika tena, kisha mkataba wake ukaisha, akasafiri. Wiki hiyo hiyo jicho la kulia la Bibi liliacha kuuona mlango.

Hannah ndiye aliyetumwa kuwaeleza akina mama. Walikaa chini mbele ya banda la shule, watoto mapajani, naye akawasomea karatasi ya daktari kwa Kiduruma: kwamba wamesaidia sana, na kwamba sasa imethibitika kuwa ugonjwa huu una dawa.

Walisikiliza mpaka mwisho. Kisha Mwinga, aliyekuwa mstari wa mbele na Kahaso amejiegemeza kifuani pake, akauliza kama mtu asiyemjua kabisa, "Iko wapi?"

Hannah aliitazama ile karatasi, akaigeuza upande wa pili. Haikuandikwa kitu.