Upande Asiosikia Kawira

Karambu hakuwa na muda wa kufundisha pasi leo na chenga kesho. Mechi ilikuwa Jumamosi, pale Nkubu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tarafa kuwaruhusu wasichana wa shule za msingi kucheza kandanda, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia waziwazi, "Mkituaibisha, Mwalimu, tunarudi netiboli."

Ndiyo sababu alibuni zoezi moja la kufanya kazi ya mengi. Wasichana walisimama duara kwenye kiwanja chao kilichoinama, juu kidogo ya Kanyakine. Mwenye mpira alimwita mwenzake kwa jina, akampigia pasi, kisha akakimbia kuchukua nafasi yake. Aliyeitwa alitakiwa autulize mpira, amkwepe nahodha Sheila aliyekuwa akiwinda katikati, kisha aite jina lingine. Miguu, macho na mdomo vilifanya kazi pamoja.

Zoezi lilikwenda vizuri mpaka lilipomfikia Kawira, kiungo wao, ambaye Karambu alimtegemea kuliko wote.

"Kawira!"

Mpira ukapita kisiginoni mwake. Hakugeuka. Wakamwita tena, mpira ukapita tena, wenzake wakacheka. Karambu akapuliza filimbi. Wote wakasimama isipokuwa Kawira, aliyekuwa amewapa mgongo akiukimbilia mpira.

Karambu akamfuata, akamshika bega. "Unanidharau?"

Kawira aliitazama midomo ya mwalimu, macho yakamjaa machozi. Akaokota sweta yake nyasini, akaondoka.

Jioni hiyo hiyo Karambu alipita katikati ya mashamba ya kahawa hadi kwa kina Kawira. Virginia, mama yake Kawira, alikuwa bado anachuma.

"Karibu, Mwalimu. Amekukosea?"

"Mama Kawira, niambie ukweli. Huyu mtoto anasikia?"

Virginia akaweka debe chini. "Sikio la kushoto lilikufa alipougua homa ya uti wa mgongo, akiwa darasa la nne. La kulia linasikia ukiwa karibu. Alinikataza nisiseme. Anaogopa mtamtoa shule mumpeleke kwa viziwi."

Karambu akakumbuka jinsi alivyozoea kumsifu Kawira kwa kugeuza shingo kabla mpira haujafika. Kumbe alikuwa akitafuta kwa macho kile ambacho wenzake walikisikia. Kisha hofu nyingine ikamwingia: je, mtu akimjia kwa kasi upande ule?

"Utamwacha nje?" Virginia aliuliza.

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Kawira alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akiwatazama midomo.

Kesho yake alikuja mazoezini kabla ya wote. Wenzake walipofika, akaligusa sikio lake, akasema, "Huku sisikii. Msinicheke tena." Hakuna aliyejua pa kuangalia.

Karambu akabadilisha zoezi. Hakuna kuita. Anayetaka mpira ainue mkono, na mwenye mpira amtafute.

"Ticha, bila kuongea tutajuaje?" Sheila alilalamika.

"Inua kichwa."

Mwanzoni waligongana, mipira ikaingia kwenye mahindi. Lakini kufikia Ijumaa hakuna aliyekuwa akitazama miguu yake tena. Hata hivyo, Karambu alilala vibaya.

Jumamosi alikusudia kumweleza refa, ila refa alichelewa na hakutaka kusimama. "Baadaye, Mwalimu, baadaye!"

Kipindi cha kwanza Kawira aliotea. Filimbi ikalia, naye akaendelea na mpira hadi akaupiga wavuni. Refa akaona ni kiburi. Akatoa kadi ya njano. Pembeni mwa uwanja, Karambu aliikodolea macho ile kadi. Nyingine, na mtoto atatolewa mbele ya umati huu wote.

Muda si mrefu filimbi ikalia tena. Kawira alikuwa amempa refa mgongo, anakimbia. Refa akapeleka mkono mfukoni. Hapo Sheila akachomoka mbio, akamzunguka Kawira na kusimama mbele yake, mikono yote miwili juu. Msichana wa pili akainua yake, kisha timu nzima. Kawira akawaona, akaukanyaga mpira ukatulia.

Refa alibaki ameduwaa. Karambu hakungoja ruhusa. Aliingia kiwanjani mbio.

"Hasikii, refa! Mtoto hasikii filimbi!"

Refa akamtazama Kawira, akautoa mkono mfukoni, mtupu. Baada ya hapo kila alipopuliza aliinua na mkono pia.

Walitoka sare ya bao moja kwa moja. Mwalimu mkuu hakuwapongeza, ila netiboli hakuitaja.

Jumatatu Karambu alimhamisha Kawira kutoka dawati la nyuma, akamketisha mbele, pembeni kushoto, ili sikio zima lielekee darasa. Mwalimu wa hesabu akauliza kulikoni. Karambu alipomweleza, yule mwalimu akalitazama dawati la nyuma lililobaki tupu.

"Miaka yote hiyo nilidhani ni mvivu," akasema.

"Hata mimi nilimwita mwenye dharau," Karambu akajibu, na kengele ikalia.